Mto Upo, Samaki Hawaonekani: Kusoma Maji ya Pangani kwa Mvuvi wa Unyoya

Umefika ukingoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maji. Saa nne ikifika jua limeshaanza kuuma shingo, umeshabadilisha unyoya mara saba, na hakuna aliyegusa. Ng'ambo, kijana mwenye ufito wa mwanzi na kopo la nyungunyungu ameshatunga perege wanne kwenye ukindu.

Nimewahi kuwa huyo wa unyoya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa asiyeujua uvuvi huu: ndoana ndogo hufungwa manyoya ya kuku na uzi hadi ifanane na mdudu au kisamaki. Haina uzito wowote, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, nao unyoya hufuata nyuma kwa uzi mwembamba. Ni uvuvi wa kujitafutia taabu, nakubali. Raha yake ni kwamba huwezi kuufanya bila kuyasoma maji.

Shida ya kwanza ni maelekezo yenyewe. Karibu yote yaliandikwa kwa ajili ya trauti, samaki wa mito ya baridi ya Ulaya, ambaye Waingereza walimpandikiza kwenye mito ya milima ya Kenya mwaka 1905. Habari za maji zilizomo humo ni sahihi, maana jiwe la Uskoti na jiwe la Korogwe hupasua mkondo kwa namna ileile. Samaki ndio tofauti. Huku kwetu mto Pangani kuna perege, kambale, mkunga, wale wa masharubu mafupi ambao kila kijiji kina jina lake, na ukishuka hadi mjini Pangani kuna mkizi na kolekole. Kwa hiyo kila mto unaponinyamazia huwa nauliza mambo mawili: maji haya yanafanya nini, na ni samaki gani anayeyatumia? Nilipokuwa nauliza la kwanza tu, nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Unatupa kutwa, hakuna hata anayegusa

Mara nyingi unavua maji yasiyo na mtu. Mto mzima unaonekana sawa ukiutazama kwa juu, lakini samaki hawakai kila mahali. Kusimama kwenye mkondo mkali ni sawa na kupanda mlima kutwa nzima: chakula anachopata hakilipi nguvu anazotumia. Kukaa kwenye maji yaliyolala nako ni njaa, kwa kuwa hakuna kinachopita. Basi hukaa mpakani, mwili kwenye maji ya polepole, mdomo ukielekea yanayokimbia.

Mpaka huo unaonekana, ila usiutafute kwa macho matupu. Mimi hubeba maganda ya karanga. Nikifika mahali papya narusha konzi moja kwa juu kidogo ya pale ninapotaka kuvua, kisha nachuchumaa kutazama. Mara ya mwisho nilifanya hivyo penye jiwe kubwa lililotokeza nusu. Maganda ya kati yalikwenda mbio kama watoto waliosikia kengele. Machache yalifika mbele ya jiwe, yakasita hapo kwenye kitulizo cha maji yanayosukumwa nyuma, ndipo yakateleza pembeni. Yaliyopita upande wa kulia yalijipanga mstari mmoja mwembamba, pamoja na povu na vijani vikavu. Na mawili, nakumbuka yalikuwa mawili, yaliingia nyuma ya jiwe, yakaanza kurudi juu polepole dhidi ya mto.

Hapo nilikuwa nimeonyeshwa sehemu tatu. Mbele ya jiwe pana kitulizo kidogo ambacho wavuvi wengi hukiruka. Ule mstari wa povu ndio barabara ya chakula, kwa kuwa yale yale yanayokusanya povu hukusanya na wadudu waliozama. Nyuma ya jiwe maji hurudi kinyume, na samaki naye hugeuka: huelekeza kichwa kule yanakotoka maji yake, hata kama ni upande wa baharini. Ukimjia kutoka chini ukidhani uko nyuma yake, umejitokeza mbele ya macho yake.

Kama hakuna mawe, na chini ya Korogwe kuna vipande virefu vya mto visivyo na hata kokoto, tafuta kizingo. Maji yakikata kona hukimbilia ukingo wa nje na kuuchimba, ndiyo maana upande huo huwa na kina, mizizi iliyoachwa wazi na miti iliyoanguka. Upande wa ndani mchanga hujikusanya na kina huwa kifupi. Kambale na mkunga wako nje chini ya mizizi. Perege wadogo wako ndani, na wakubwa utawakuta pale mchanga unapokatika ghafla na kuingia kilindini. Mstari huo wa kukatika huonekana maji yanapobadilika rangi, kutoka ya chai ya maziwa hadi ya chai kavu.

Sababu ya pili ya kutoguswa ni kwamba umewafukuza kabla hujaanza. Udongo wa ukingoni hupeleka kishindo cha miguu moja kwa moja majini. Halafu kuna macho. Samaki aliye kina cha mita 1 huona nje kupitia duara lililo juu ya kichwa chake lenye upana wa zaidi kidogo ya mita 2. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo tu, unamwonyesha matope ya chini. Vitu vyote vya nchi kavu husongamana kwenye ukingo wa duara, na vilivyo chini karibu na ardhi hufifia kabisa. Kwa hiyo kuchuchumaa si mbwembwe. Mtu mrefu aliyesimama wima na shati jeupe ni tangazo.

Vitabu vya trauti vitakwambia uvae buti za mpira uingie mtoni hadi kiunoni. Usithubutu. Pangani una mamba na viboko, na mamba anayesoma maji anakushinda wewe. Vua ukiwa ukingoni, hatua kadhaa kutoka kwenye maji, penye ukingo ulioinuka, na usirudi mahali pamoja kila siku saa ileile. Hilo linakulazimisha kujifunza kurusha mshipi bila kuupeleka nyuma, kwa kuuviringisha mbele tu, kwa kuwa nyuma yako pana vichaka. Mimi ilinichukua msimu mzima na kofia mbili.

Sababu ya tatu naisema kwa ufupi kwa kuwa inaniudhi: huenda samaki hawapo kweli. Wapo wanaotwanga utupa, mmea wa sumu ya samaki, na kuumwaga vijitoni, na wapo wanaopitisha nyavu za macho madogo hadi mtoto wa perege wa ukubwa wa kidole hapiti. Ukikuta kidimbwi kizuri, kina kivuli na kina, lakini hakuna hata vidagaa vya pembeni vinavyokimbia unapokaribia, usipoteze asubuhi. Panda juu zaidi. Na leseni yako ya uvuvi iwe mfukoni, usije ukawekwa kundi moja na hao.

Wanapasua maji kila mahali, lakini hakuna anayeshika

Hapa ndipo trauti alinidanganya zaidi. Kwake, duara juu ya maji maana yake anakula. Jioni moja nilikuta kidimbwi kilichojitenga na mto, maji yamesimama, na kila dakika kitu kinapasua uso, boko! Nilirusha unyoya mkavu wa kuelea kwa saa nzima, kila duara nikaliwekea unyoya katikati kwa ustadi ambao ningependa uone. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya mbuzi alinitazama hadi akachoka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamfanya nini huyo?"

"Namvua, babu. Si unaona anavyokula juu?"

"Huyo anapumua, mwanangu. Wewe ukivuta pumzi unataka utiwe tonge?"

Alikuwa kambale. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya mashavu yake, na maji yakiwa moto au yamesimama, hewa iliyomo humpungukia, hupanda kugugumia moja na kurudi chini. Dalili zake ukizijua hazijifichi: anatokea mara moja tu mahali pamoja, anageuka kwa mgongo mzito, na anaacha mfululizo wa mapovu anaposhuka. Anayekula hurudia palepale, duara baada ya duara, kwa kuwa amekaa chini ya barabara ya chakula. Kambale anakula chini, na kwa bidii zaidi giza likiingia. Mpe unyoya mkubwa mweusi uliozama, uuvute polepole ukigusa tope, saa moja usiku na kuendelea, ukiwa mbali na ukingo.

Perege naye ana duara lake: dogo, laini, kama mtu anayeonja uji. Anafyonza ukoga na vitu vidogo vilivyonata kwenye majani na magogo. Mdudu mkubwa wa manyoya anampita kama basi. Funga ndoana ndogo, kitu cha kijani au kahawia kisichozidi punje ya mpunga, ukitue kando ya gogo.

Mjini Pangani, karibu na kivuko cha kwenda Bweni, mkizi watakutoa roho. Wanaruka nje ya maji kabisa, mara mbili mara tatu, wanang'aa kama vijiko. Karibu yote wanayokula ni tope laini na ukoga. Kuruka kwao hakuna uhusiano na unyoya wako. Lakini watazame vizuri. Mkizi mmoja akiruka kwa raha zake ni jambo moja. Visamaki vidogo vikitawanyika kwa pamoja juu ya maji, kama mchele uliorushwa harusini, vyote vikielekea upande mmoja, hiyo ni hofu. Nyuma yao yuko kolekole. Tupa mbele ya vinakokimbilia, kisha vuta mshipi kwa mkono kwa kasi, usipumzike.

Anakuja, anatazama, anageuka

Kwa samaki anayekula kwenye mkondo, sababu karibu kila mara ni mburuto. Mshipi wako umelala juu ya maji ya kasi tofauti: hapo katikati yanakimbia, kwa samaki yanatembea. Yanayokimbia huuvuta mshipi, nao huuvuta unyoya, na mdudu aliyepaswa kuelea kama aliyekufa anaanza kukata maji kama mashua ya injini. Huwa huuoni mburuto ukiwa mdogo. Tupa ganda la karanga sambamba na unyoya uone kama vinakwenda pamoja. Visipokwenda pamoja, mara tu mshipi ukitua uinue na kuulaza upya upande wa juu wa mto, au badilisha mahali unaposimama ili mshipi usikatize kasi mbili. Hatua tatu kulia zimewahi kunipa samaki ambao aina kumi za manyoya zilinikosesha.

Kwa perege kuna sababu nyingine kabisa, ambayo hutaikuta kwenye habari za trauti. Jike wa perege wetu hubeba mayai na watoto wake mdomoni, na muda huo hali, au hula kidogo mno. Atakuja, atausogelea unyoya, atausukuma kwa pua, ataondoka. Si kosa lako, ni mdomo wake umejaa. Dume naye utamjua kwa kiota: sahani ya mchanga msafi aliyoichimba penye kina kifupi, mara nyingi ziko kadhaa jirani jirani. Huyo hushika, lakini kwa hasira, kumfukuza mgeni. Wapo wanaojivunia kuwavua madume viotani. Mimi nikiona sahani zile huwa napita. Ni sawa na kumpiga mtu mlangoni kwake halafu kujiita bondia.

Maji yakiwa maangavu mno, kama ya mto Zigi unaposhuka kutoka Amani wakati wa kiangazi, punguza unene wa uzi wa mbele na urefushe. Ndani ya hifadhi ya huko usivue bila kibali.

Mto umegeuka ukiwa palepale

Anga ni kavu, jua kali, na jiwe ulilokuwa ukilitazama limezama. Usishangae. Pangani haukimbii kwa mvua peke yake. Juu kabisa kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, na huku Tanga kuna mitambo ya umeme ya Hale iliyoanza 1964 na ile ya Maporomoko ya Pangani ya 1995. Maji hupanda na kushuka kufuata mahitaji ya umeme. Weka alama: chomeka kijiti penye ukingo wa maji unapofika, na kiangalie kila baada ya muda. Kijiti kikilowa shingo, kusanya vitu upande juu, kabla ya kufikiria samaki. Ukishakaa salama, fahamu kwamba maji yanapopanda samaki huacha katikati na kusogea kingoni, kwenye nyasi zilizofunikwa sasa hivi, kwa kuwa wadudu na nyungunyungu wamefurika huko. Wavuvi wengi wanaendelea kutupa mbali, kumbe samaki yuko karibu na vidole vyao.

Rangi ni jambo jingine. Milimani Usambara ikinyesha, mto Luengera huleta tope na kulimwaga Pangani hapo Korogwe, na kwa kitambo mto hukimbia rangi mbili bega kwa bega. Ule mshono ni mahali pa kuvua: samaki hukaa upande mwangavu wakitazama yanayotoka kwenye tope. Mto mzima ukishakuwa kahawia, macho hayana kazi. Funga unyoya mkubwa, mweusi, wenye manyoya mengi yanayotikisa maji, uupitishe polepole na karibu na ukingo. Mweusi kwa kuwa kwenye maji ya tope kivuli huonekana kuliko rangi yoyote. Siku bora si ya kwanza wala ya pili ya mafuriko, ila ile maji yanapoanza kushuka na kupata rangi ya chai.

Jana walijaa hapahapa, leo hakuna hata mmoja

Kama uko karibu na mlango wa mto, swali lako ni la saa, wala si la mahali. Pwani ya Tanga maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Aliyevua saa mbili asubuhi jana, leo saa mbili amekuta hali nyingine. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji huingia kati ya mikoko kwa nguvu. Wakati wa maji mafu, siku za mwezi nusu, yanasogea kivivu na kolekole nao wanakuwa wavivu.

Ninachokipenda ni saa mbili za kwanza za kupwa. Visamaki vilivyokuwa vimejificha kwenye mizizi ya mikoko vinalazimika kutoka kupitia vijito vidogo, na wakubwa wanasubiri mdomoni pa kila kijito. Simama pembeni ya kijito, si mbele yake.

Ila kuna mtego. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto, hivyo yakiingia hupita chini huku ya mto yakielea juu yakienda baharini. Unaweza kuona takataka zinashuka, ukadhani yanakupwa, kumbe chini yanajaa na samaki wote wameelekeza vichwa baharini. Funga unyoya wenye uzito, uuzamishe, uone mshipi unakunjwa upande gani. Ukikunjwa kinyume na takataka, geuza mpango wako.

Kijana wa ng'ambo anapata, wewe hupati

Turudi kwake. Siku ile nilivunja aibu, nikavuka daraja nikaenda kumsalimia. Hakuwa na siri. Alikaa juu ya shina la mkuyu lililoinamia maji, na mshipi wake ulishuka wima, chubwi, kile kizito cha kuzamishia, ikiwa imegusa chini, kando kabisa ya tawi lililozama. Unyoya wangu ulikuwa unapita hatua sita kutoka hapo, tena katikati ya maji.

Kosa langu lilikuwa la macho. Maji hupinda mwanga, na kina huonekana robo pungufu: kilindi cha mita 2 nilikihesabu mita 1 na nusu. Nilikuwa naupitisha unyoya juu ya vichwa vya samaki waliobana chini, nikidhani nimewagusa pua. Pale pale nilikata waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye koili ya mota iliyoungua, nikauzungusha kwenye shingo ya ndoana mara nane, juu yake nikarudishia manyoya mawili ya kanga.

"Hesabu mpaka sita," aliniambia yule kijana. "Ukihesabu mpaka nne unavua maji."

Nilihesabu sita. Mshipi ulisita, kitu kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga kamba kwa bahati mbaya. Nikainua ufito juu kwa nguvu zote, mtindo wa trauti, na kuung'oa unyoya mdomoni mwake. Kijana alicheka hadi akashika tawi. Akanionyesha kwa mkono: kaza mshipi kwanza, mpaka uhisi uzito, halafu ndiyo uinue. Mara ya pili nilikaza. Alikuwa perege mpana wa kiganja na nusu, tumbo jekundu, na kijana alishauandaa ukindu kabla sijamfikisha ukingoni.